Walioingia Sinema Mwishoni

Mtu aliyesema "simjui huyu" nikiwa chini napigwa ni broka wa waru, dalali wa viazi. Naanza na yeye kwa sababu ndiye huyo huyo aliyekuja baadaye, miaka imepita, akaingia kwangu mbio akitaka nimfiche asiuawe. Haya ninayoandika yako kati ya hizo siku mbili. Jina lake sitaandika. Kituo chetu cha soko huku juu ya Molo ni kidogo, na yeyote wa hapa akisoma atamjua. Wengine nitawataja kwa kazi zao, wajijue.

Mimi niliachia shule darasa la nne. Kizungu sisikii, ndiyo maana biashara ya vidio ilinifaa. Sinema zinakuja zikiwa zimeshasemwa na ma-DJ wa Nairobi, jamaa wanaoongea juu ya picha kwa Kiswahili na Sheng, wanaweka matusi yao, wanaweka majina ya mitaa ya kwetu. Mzungu anafungua mdomo huko, DJ anakwambia huyu anadai nyama choma. Kibanda changu ni cha mabati, benchi nimegonga kwa mbao za maganda, televisheni iko juu ya ngoma ya mafuta. Anayeongoza sinema tunamwita stelingi. Stelingi hafi, hiyo kila mtu anajua. Watu wanagombania kama anafaa kuua.

Hiyo kesi ilianzia kwa tabia yangu. Sinema ikifika karibu na mwisho, stelingi amemshika adui koo, mimi naisimamisha. Picha inakaa hapo hapo, mkono kooni. Nilianza hivyo kwa sababu chai ninayouza humo ilikuwa inalala, mtu hawezi kunywa chai huku anaangalia ngumi. Kumbe nimefungua bunge. Wakaizoea mpaka nikisahau kusimamisha wananipigia kelele.

Wawili ndio walikuwa wakubwa wa hilo bunge. Mmoja ni msichana anayesuka nywele, kibanda chake kimeshikana ukuta na changu. Huyo nitamwita Msusi. Wa pili ni kijana wa bodaboda, mzuri wa maneno, nitamwita Wa Boda. Msusi alikuwa upande wa kuua. Wa Boda upande wa kutoua.

Nakumbuka Jumamosi moja, sinema ya jamaa mmoja wa barakoa na glavu za chuma. Adui wake amechoma basi na watu ndani. Stelingi amempandisha juu ya ghorofa, amemshikilia ukingoni kwa shati. Nikasimamisha.

"Mwachilie!" Msusi akasimama juu ya benchi. "Fungua vidole tu, ardhi itamaliza!"

"Hawezi," Wa Boda akamwambia. "Huyu haui. Atamfunga waya, polisi watakuja."

"Si alimfunga waya ile ya kwanza? Akatoroka. Ndiyo akachoma basi. Sasa niambie, damu ya wale wa basi iko kwa nani?"

"Kwa adui."

"Nusu. Nusu nyingine iko kwa huyu wako wa glavu anayejifanya pasta."

Watu wakacheka. Wa Boda akangoja wamalize, alikuwa anajua kungoja.

"Sawa, aue. Halafu aachie wapi? Leo ni huyu wa basi. Kesho ni mwizi wa kuku. Keshokutwa ni wewe, Msusi, ulimchoma mama wa watu na maji moto ya rasta."

"Alitingisha kichwa! Nilimwambia atulie!"

"Unaona? Kila mtu ako na sababu. Stelingi akiua mara moja tu, yeye ni adui mwenye nguo safi."

Mzee mmoja wa shamba aliyekuwa nyuma na gamboti zake miguuni akasema basi amkate mkono mmoja, kila upande upate kitu. Kibanda kikalipuka. Halafu Wa Boda akageuka kwangu. "Mzee, na wewe unasema aje?"

Hapo kelele ikakatika ghafla. Walikuwa wamekumbuka uso wangu. Jicho la kushoto limefungwa na ngozi, mkono wa kulia haukunji. Nikamwambia mimi nauza chai.

Lakini nilikuwa na jibu. Nilikuwa nataka stelingi aue, tena asiharakishe. Nilikuwa na wangu wa kumpa.

Siku niliyopigwa hawa vijana walikuwa watoto, mimi nilikuwa mpakiaji wa waru sokoni. Gunia lenyewe halikuwa gunia la kawaida, ni lumbesa, linajazwa mpaka mdomoni, halafu wanaongeza kichwa cha wavu juu na kukishona kwa uzi wa manila. Hatukuandika majina juu ya gunia, mvua ya huku ingefuta. Kila mwenye mali alikuwa na rangi yake ya uzi. Ukiona kijani, ni ya mama fulani. Ukiona nyekundu, ni ya yule broka. Hata asiyejua kusoma hawezi kukosea.

Wiki hiyo uzi wa kijani ulikwisha dukani. Mwenye duka akampa yule mama uzi mwekundu akanyamaza, hakumwambia mtu. Kwa hiyo siku ya soko kukawa na marundo mawili mekundu, moja la broka na moja la mama, yamepakana. Broka akaniambia, "Beba za uzi mwekundu zote, weka kwa lori ya buluu." Nikabeba. Nikamaliza rundo lake nikaingia la mama, mimi naona rangi ni ile ile.

Nikasikia nduru. "Mwizi! Mwizi huyo!" Ukiwa chini ya lumbesa umeinama, shingo haigeuki, unaona viatu vya watu tu. Nikafikiri mwizi yuko nyuma yangu. Nikacheka hata. Nikasema moyoni, leo kuna mtu ataumia.

Pigo la kwanza lilipiga goti kwa nyuma, chuma cha jeki. Aliyekishika ni mwalimu wa kwaya, yule anayesimama mbele Jumapili akipandisha mikono. Nikaanguka na gunia likaanguka juu yangu, mbavu zikalia. Walinitoa chini ya gunia, lakini si kwa kunisaidia, ni ili wanifikie. Fundi wa baiskeli alikuja na cheni. Cheni ndiyo ilipita kwa jicho. Sikuona tena upande huo, nilisikia joto tu likishuka kwenye shavu. Mkono nilikuwa nimefunika nao kichwa, mtu akaukanyaga dhidi ya jiwe, akaukanyaga tena kwa kisigino, akizungusha kama anazima sigara. Huyo sikumwona uso. Ningemwona ningemwandika.

Nilikuwa naita, "Muulizeni broka! Mimi nimetumwa!" Na walimuuliza, hilo siwadhulumu. Mwenye mashine ya kusaga unga ndiye alipaza sauti: "Wewe, huyu ni mtu wako?"

Broka alikuwa amesimama kando ya lori, kalamu iko sikioni. Aliniangalia. Tuliangaliana kabisa, na jicho langu moja.

"Simjui huyu," akasema.

Mwenye duka la uzi alikuwa mlangoni pake, rola ya uzi mwekundu iko mkononi. Angesema neno moja. Alirudi ndani.

Basi yule wa mashine ya unga akaenda kuleta tairi. Alikuja akilivingirisha kwa kiganja, polepole, kama mtoto anacheza. Likapita kichwani likakaa mabegani. Petroli ilimwagwa, ikaingia kwenye jicho bovu, na nikajua kumbe bado kuna mahali pa kuumia. Nikasikia kiberiti kikikwaruzwa. Kikakataa. Kikakwaruzwa tena.

Kilichoniokoa ni mvua ya mawe. Huku kwetu inaweza kushuka bila kukuaga, barafu kubwa kama maharagwe, unasikia mabati ya soko zima yakipiga ngoma. Walikimbia wote wakajikinga kwa veranda za maduka. Mimi nikabaki katikati na tairi shingoni, barafu ikinipiga, na wao wakisimama pale wamekumbatia mabega kwa baridi, wananiangalia, wanangoja ipite. Haikupita mapema. Dereva wa lori mgeni, mtu wa huko magharibi ya nchi, ndiye alishuka kwenye mvua akanivuta kwa miguu hadi kwa gari yake. Nikaamkia hospitali Nakuru.

Hakuna aliyefika kuniomba msamaha. Yule mama wa waru alileta kuku akaacha kwa mlango wa wadi akaenda. Yeye simsemi sana, aliona mali yake ikitembea. Ninaowasema ni hawa wengine. Walikuta mtu na gunia mgongoni, wakajua hadithi yote. Mtu akiingia kwangu sinema iko mwishoni, anauliza jirani, "Adui ni gani?" Hawa hawakuuliza. Na aliyekuwepo tangu mwanzo akasema hanijui.

Nilirudi kuishi pale pale, ningeenda wapi. Nikinunua unga nanunua kwa mwenye tairi. Kwaya ikipita nasikia sauti ya aliyenivunja goti, na ni sauti nzuri. Broka aliendelea, akajenga stoo ya mawe, akanunua pikapu. Tukikutana njiani anaangalia simu.

Sasa nije kwa ile siku ya pili. Ilikuwa Jumamosi mchana, kabla ya watu kuingia, nilikuwa nimebandika sufuria kubwa ya chai. Msusi akaja mbio, vidole vina mafuta ya nywele.

"Mzee, mambo imeharibika. Si kuna mama mjane aliibiwa ng'ombe juzi? Wamepata kichwa cha hiyo ng'ombe. Kwa stoo ya broka! Wako njiani kumtafuta, wamejaa barabara!"

Kabla sijajibu pazia la mlangoni likapasuliwa, na broka mwenyewe akaingia. Sikio moja lilikuwa linaning'inia. Kiatu kimoja. Akapita kati ya benchi kwa magoti mpaka chini ya televisheni, akajikunja pale.

"Nifungie, ndugu yangu. Nifungie, boss. Wananiua."

Mlango wangu ni wa mabati na unafungwa kwa chuma kinene kinacholala kwa kulabu mbili. Hicho chuma kilikuwa mkononi mwangu. Nje filimbi zilikuwa zinakaribia, na ule mvumo wa watu wengi. Mvumo huo niliujua. Ukiwa chini una sauti nyingine kuliko ukiwa umesimama, hata hivyo niliujua.

Sikufunga. Nilimwendea.

"Unanijua?"

"Nakujua."

"Mimi ni nani?"

"Mzee," Msusi akasema, "weka hiyo chuma kwa mlango."

"Ngoja."

"Ngoja nini? Wako hapo kwa duka la dawa!"

"Anijibu."

Broka akainua uso. Damu ya sikio ilikuwa imeingia kwenye kola. "Wewe ulikuwa mpakiaji wangu. Nilikutuma mimi."

"Ulisema hunijui."

"Niliogopa."

"Sema vizuri."

"Niliogopa! Ningesema nakujua wangesema tumeiba pamoja. Ningewekwa tairi na mimi. Bibi yangu alikuwa na mimba."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemtengenezea jibu. Nilijua atasema alinichukia, au walipanga na yule wa duka la uzi, au yule mama alikuwa na deni lake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo yote, kila moja nilikuwa na pigo lake. Niliogopa. Hilo sikuwa na mahali pa kuliweka.

"Na uzi?" nikamuuliza. "Ulijua kuna mekundu mbili?"

Aliangalia mlango. Msusi akapiga mguu chini. "Jibu mzee haraka, mjinga wewe!"

"Niliona," akasema. "Uliposhika gunia la kwanza la yule mama niliona. Nilikuwa naongea na mteja. Nikasema nitakuita akienda. Halafu mama akapiga nduru."

Yaani alikuwa ananiangalia nikitembea na gunia lile. Nikainua chuma. Alijifunika kichwa kwa mikono yote miwili, kama nilivyojifunika mimi, na kati ya vidole nikaona upara wake, jasho juu yake, na mahali penyewe ambapo chuma kingeingia. Mkono wangu mbovu haukunji lakini kwa kupiga ungetosha. Nataka nieleweke hapa. Hakuna huruma iliyonishika, na sikumkumbuka Mungu. Nilipaona pale mahali na nilipataka.

Msusi alikuwa nyuma yangu, akaongea chini, haraka.

"Mzee. Ukimpiga sasa hao wanaingia wanamalizia. Halafu watasema ni wewe ulianza. Wa mashine ya unga atakuwa shahidi wako. Mwalimu wa kwaya atakuwa shahidi wako. Watakupigia makofi, mzee."

Nilisikia hayo makofi. Nikaona yule wa tairi akinishika bega, akiniita jamaa yangu. Nikarudi mlangoni nikalaza chuma kwenye kulabu, na jiwe la kwanza likapiga mabati palepale kilipokuwa kichwa changu.

Yaliyofuata yalikuwa mawe tu kwa muda. Ndani ya kibanda cha mabati jiwe haligongi, linalipuka. Msusi aliweka mgongo wake kwa mlango, mimi bega langu. Halafu sauti ikaita nje, na hiyo sauti nilikuwa nimeiuzia chai kila Jumamosi.

"Mzee, fungua! Sisi hatuna shida na wewe! Toa huyo mwizi tu!"

Nikaangalia kwa tundu la msumari. Wa Boda. Amesimama mbele, chupa ya soda iko mkononi, ndani ni petroli ameitoa kwa pikipiki yake, bado mpira wa kunyonyea unaning'inia begani. Msusi naye akaangalia. Nilifikiri atalia. Akatukana.

"Wewe! Si wewe unatupigia kelele hapa kila Jumamosi? Stelingi asiue, stelingi asiue!"

"Hiyo ni sinema, Msusi! Hii ni ng'ombe!"

Kuna watu walicheka huko nje. Kwenye umati kama huo bado kuna nafasi ya kucheka.

"Na wewe si ulisema wamalizwe?" Wa Boda akaendelea. "Ulisema adui aachiliwe kwa ghorofa! Basi fungua, tuko upande wako leo!"

"Nilisema stelingi! Stelingi ameona! Sisi tumekaa hapa kwa benchi, tumeona adui akiwasha lile basi na macho yetu. Wewe leo umeona nini? Umeona kichwa kwa stoo. Nani alikiweka? Ulikuwa?"

Kulikuwa na kimya kidogo. Ninaapa kulikuwa na kimya, kama pumzi moja. Wa Boda alifungua mdomo na sikuona kitu kikitoka. Ningekuwa na mahali pa kusimamisha, ningesimamisha hapo.

Halafu mwalimu wa kwaya akaanzisha, "Toka! Toka! Toka!" kwa ile sauti yake, wote wakaitikia, na Wa Boda akaitikia pamoja nao.

Walizunguka nyuma. Bati moja la chini lilikuwa limelegea, wakalikunja, mkono ukaingia ukipapasa, ukashika mguu wa benchi. Kidole gumba kilikuwa na weusi wa grisi. Nilichukua nondo niliyokuwa nakorogea moto nikaupiga huo mkono juu ya simenti. Ulivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Yule aliyelia nje ni fundi wa baiskeli, naijua sauti yake. Sikuhuzunika siku hiyo wala leo.

Kisha petroli. Ilipita chini ya ukuta, ikafuata mteremko wa sakafu, ikawaka kabla sijaelewa. Benchi mbili zikashika. Msusi alikamata ile sufuria ya chai kwa mikono mitupu, akaimwaga yote, mvuke wa maziwa na tangawizi ukajaa ndani hatuoni. Broka akatoka alikojificha akavua koti akaanza kupiga moto nalo. Tulikuwa watatu tunapiga moto, tunakohoa, na mawe yanalia juu ya vichwa vyetu. Nilimwona akiukanyaga kwa ule mguu usio na kiatu, ngozi inaungua, anakanyaga tu. Ile kuogopa kwake niliiona kwa macho. Ilikuwa kweli.

Polisi walifika na gesi ya machozi. Walipogonga tulifikiri ni wale wale. Walimtoa broka wamemfunika kichwa na gunia. Msusi mikono yake ilikuwa imevimba malengelenge mpaka viganjani, mikono ya kazi.

Je, alikuwa ameiba ile ng'ombe? Sijui. Kuna wanaosema ni mtu wake wa stoo, kuna wanaosema kichwa kiliwekwa usiku na anayetaka soko lake. Aliachiliwa kwa dhamana, siku hizi yuko Nakuru mjini, hajarudi. Mimi ng'ombe ile ikiibiwa sikuwepo. Sijamsamehe, na aliyonitendea nayajua kuliko mwingine yeyote, lakini hayo ni ya kwake na mimi.

Watu walianza kunipita. Kibanda kikakaa na mabati yake yaliyokunjamana, harufu ya petroli na maziwa yaliyoungua. Kisha Wa Boda akaja, mchana, amebeba mkate na maziwa ya pakiti.

"Mzee, niaje. Tusameheane. Ilikuwa hasira tu."

"Nani alitoa petroli?"

"Aa, mzee. Tulikuwa wengi."

"Nimekuuliza nani."

"Hata sijui. Tulikuwa wengi, si unajua vile huwa."

Najua vile huwa. Kumbe hilo ndilo neno lenyewe. Yule wa cheni alikuwa na wenzake wengi, yule wa jeki alikuwa na wengi, na yule wa tairi. Mtu mmoja mmoja ukimkuta ni kijana mzuri, amekuletea mkate. Nilimrudishia mkate wake. Akasimama pale kidogo, akauliza kama Jumamosi kutakuwa na sinema. Aliuliza kweli.

Nilienda kwa Msusi nikamwambia twende kituo cha polisi tuandikishe. Alikuwa amekaa, viganja vimefungwa bandeji, mtoto wa jirani anamsukia mteja kwa maelekezo yake.

"Siendi, mzee."

"Uliona kuliko mimi."

"Niliona. Lakini hawa bibi zao na mama zao ndio vichwa ninashika. Nikienda huko nitasuka nani? Nitasuka kuta?" Akaangalia bandeji zake. "Usinikasirikie, baba."

Sikumkasirikia. Alikuwa amekwishalipa zaidi ya wote.

Nilienda peke yangu. Askari aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke mtu mzima, hana haraka. Alinivutia kiti. Nikamwambia nilichoona kwa tundu la msumari na nilichosikia, kila mmoja na alichoshika. Nilimwambia pia kwamba mkono wa fundi niliuvunja mimi, aandike na hiyo. Aliandika. Nilipofika kwa kijana wa bodaboda kalamu ikasimama.

"Huyu si mteja wako?"

"Ni mteja."

"Mzee, hawa ni watu wa kituo chenu. Ukitoka hapa unarudi huko huko. Unajua utaishi nao?"

"Nimeishi nao," nikamwambia.

Akaniangalia jicho, akaangalia mkono. Akageuza karatasi upande wa pili. Baada ya muda akaniuliza kama nataka kupumzika, niletewe maji. Nikamwambia bado, sijamaliza wale waliosimama mbele.